Pimamaji haikuwa na kosa: mawimbi ya ukingo ndani ya tangi la kioo

Fundi aliinama, akafumba jicho moja, akayatazama maji kama mtu anayelenga ndege kwa manati. Kisha akaingia kibandani, akatoka na pimamaji yake ya manjano, akailaza juu ya fremu ya chuma. Kiputo kikatulia katikati. Akaigeuza, akailaza upande wa pili. Kiputo kikatulia palepale.

"Mwalimu," akasema, "tangi iko sawa. Maji yako ndiyo hayako sawa."

Tulikuwa Kondele, Kisumu, nyuma ya karakana yake ya jua kali ya milango na madirisha. Mbele yetu palikuwa na tangi la kioo lenye urefu wa mita 2.4 na upana wa sentimita 60, ndani yake maji ya kina cha sentimita 20. Upande mmoja, mota ya wipa iliyotolewa kwenye matatu iliyochoka ilikuwa ikisukuma na kuvuta ubao uliosimama wima, mara moja kila sekunde. Upande wa pili tulikuwa tumeegemeza plaiwudi iliyopakwa vanishi, na huo ndio uliokuwa ufuo wetu. Mawimbi yalitoka kwenye ubao yamenyooka kama mistari ya daftari, kimo chake sentimita moja hivi. Yakifika kwenye plaiwudi, yanafanya kituko. Wimbi linapanda juu upande wa kushoto, hadi linagusa alama ya penseli, na upande wa kulia linaishia chini. Ndipo fundi alipodhani tangi limelala upande.

Lakini lililofuata lilipanda kulia, kushoto likabaki chini. La tatu kushoto. La nne kulia. Tangi lililoinama lina upendeleo. Lingeupa upande mmoja maji mengi kutwa nzima. Hili lilikuwa linagawa kwa zamu.

Wanaoyachunguza mawimbi ya pwani wana jina la jambo hili. Kwa Kiswahili nitayaita mawimbi ya ukingo, kwa kuwa makao yake ni pale maji yanapokutana na nchi kavu, na hayabanduki hapo. Mawimbi tuliyoyazoea hutoka kwenye maji makuu, yakafika ufuoni, yakamalizika. Wimbi la ukingo linasafiri kandokando ya ufuo, kama mtu anayetoka kijiji kimoja kwenda kingine akikanyaga mchanga wenye maji. Ukisogea kidogo kuelekea ndani ya ziwa, umelikosa.

Ndani ya tangi halina pa kwenda. Linagonga kuta mbili za pembeni, linarudi, linakutana na mwenzake, na matokeo yake ni wimbi linalopanda na kushuka mahali pamoja: kushoto juu, kulia chini, kisha kinyume chake. Katikati kabisa, sentimita 30 kutoka kila ukuta, halipandishi wala halishushi kitu. Pale unaona tu wimbi la kawaida likipanda kimo kilekile kila mara. Nilinyunyiza wishwa kidogo mahali hapo. Kila wimbi liliyapandisha na kuyashusha makapi yale kama ilivyotarajiwa, lakini yalikuwa pia yanakwenda kushoto na kulia. Mawimbi yamenyooka, ubao unasukuma mbele na nyuma tu, na makapi yanatembea kimshazari. Kitu fulani kilikuwa kinayasukuma pembeni, na hakikuwa mota.

Nianze na swali la kwa nini wimbi linanaswa ukingoni. Jibu lake lilikuja na mtungi.

Maji ya tangi yaliletwa na muuza maji, mitungi 12 ya lita 20, juu ya mkokoteni. Mvua ya usiku ilikuwa imeacha tope kando ya njia. Gurudumu la kushoto likaingia topeni, likapunguza mwendo, la kulia likaendelea na kasi yake juu ya murram, na mkokoteni wote ukageuka kuelekea mtaroni. Mwenyewe hakuupinda. Tope ndilo lililoupinda, kwa sababu upande mmoja ulikuwa mzito kuliko mwingine.

Wimbi kwenye maji ya kina kidogo linafuata sheria hiyohiyo. Kasi yake inategemea kina: kina kikiwa mara nne, kasi inakuwa mara mbili. Penye mita 1 ya maji, wimbi refu linakwenda mita 3.1 kwa sekunde. Penye mita 4, linakwenda mita 6.3. Sasa chukua wimbi linalotoka ufuoni kwa mshazari, kuelekea ziwani. Upande wake ulio karibu na nchi kavu uko kwenye maji machache, unakwenda polepole. Upande wa nje uko kwenye kina, unakimbia. Basi wimbi zima linageuka, kama ule mkokoteni, kuelekea upande ulio mzito, yaani kurudi ufuoni. Linafika, linagonga mchanga, linatoka tena kwa mshazari, linageuzwa tena. Mteremko wa chini ya maji umekuwa zizi.

Zizi hilo ni jembamba. Nguvu ya wimbi la ukingo la aina ya kwanza inapungua haraka kadiri unavyoondoka ufuoni. Ukienda umbali wa nusu ya urefu wa wimbi, yaani nusu ya nafasi kati ya kilele kimoja na kingine, kimo kimebaki asilimia 4 au 5 tu ya kile cha ufuoni. Kwenye tangi letu urefu huo ni sentimita 120. Maana yake ni kwamba ukiweka kipimo chako sentimita 60 kutoka ufuoni utaapa kwamba hakuna kitu. Nimeona watu wakikata tamaa na jaribio hili kwa sababu hiyo tu: wanatazama katikati ya tangi, mahali ambapo mawimbi ni mazuri na yamenyooka, na hawaangalii pale pembamba ambapo maji hayafiki hata unene wa kidole.

Hesabu ya kwanza ya jambo hili ni ya zamani. Mwaka 1846 George Gabriel Stokes, mwanahisabati aliyezaliwa Ireland, alionyesha kwamba maji juu ya mteremko ulionyooka yanaweza kubeba wimbi la namna hii. Hakuliona kwanza ufuoni. Alilikuta kwenye karatasi. Na kwa muda mrefu lilibaki hukohuko. Horace Lamb, mmoja wa wakubwa wa elimu ya maji katika Uingereza ya wakati wake, alilichukulia kuwa jambo lisilo na uzito mkubwa. Zaidi ya miaka 100 baada ya Stokes, mwaka 1952, Fritz Ursell alionyesha kwamba wimbi la Stokes ni kifungua mimba tu, lina wadogo zake. Idadi ya wadogo hao inategemea mteremko: unazidisha pembe yake kwa 1, kwa 3, kwa 5, kwa 7, na kuendelea, na kila jibu lisilopita nyuzi 90 ni wimbi moja linaloruhusiwa. Plaiwudi yetu imeinama nyuzi 11.3 hivi, basi ina nafasi ya mawimbi manne. Ufuo uliolala zaidi una nafasi ya wengi zaidi. Hao wadogo hufika mbali zaidi kuelekea ziwani kabla hawajafifia, na kuwatenganisha ni kazi ya vipimo vingi. Katika tangi dogo kama letu anayetawala ni kaka mkubwa.

Sheria ya kaka mkubwa unaweza kuifanyia hesabu nyuma ya risiti. Chukua muda ambao wimbi la ukingo linatumia kwenda na kurudi, kwa sekunde. Uzidishe kwa wenyewe. Zidisha kwa 1.56, ambayo ni mvutano wa dunia, 9.81, uliogawanywa kwa pai iliyozidishwa kwa 2. Kisha zidisha kwa mwinamo, yaani mwinuko wa plaiwudi ukigawanywa kwa urefu wa plaiwudi. Kwetu plaiwudi inapanda sentimita 20 katika urefu wa sentimita 102, ambayo ni 0.196. Kwa muda wa sekunde 2 unapata 1.56 mara 4 mara 0.196, ambayo ni mita 1.22. Nusu yake ni sentimita 61. Upana wa tangi ni sentimita 60. Ndiyo sababu wimbi la ukingo lilikaa humo vizuri hivyo, kilele ukuta huu, bonde ukuta ule.

Hapo msomaji mwenye jicho kali atanikamata. Mota inapiga mara moja kwa sekunde. Hizo sekunde 2 zimetoka wapi?

Zimetoka kwenye pembea. Mtazame mtoto anayebembea akiwa amesimama, hakuna anayemsukuma. Anachuchumaa anapofika mwisho wa juu, anasimama anapopita chini. Akienda mbele amesimama mara moja, akirudi nyuma amesimama tena. Pembea imekwenda na kurudi safari moja, yeye amejiinua mara mbili. Nguvu anayoitia inakwenda juu na chini, tena kwa mdundo wenye kasi mara mbili ya pembea, na pembea inapaa mbele na nyuma. Michael Faraday alikuwa ameona jambo la ukoo huu mwaka 1831: ukitikisa sahani ya maji juu na chini, maji yanatengeneza mawimbi yanayopiga nusu ya mdundo wa mtikiso.

Wimbi letu lililonyooka ndilo yule mtoto. Linapanda ufuo na kushuka, linapanda na kushuka, likibadilisha kina cha maji pale ukingoni kila sekunde. Wimbi la ukingo ndilo pembea. Linapiga kila sekunde 2, na kila pigo lake moja linapokea misukumo miwili, yote kwa wakati unaofaa. Robert Guza na Russ Davis waliiandika nadharia hiyo mwaka 1974, na kufuatia hapo Guza na Douglas Inman waliifuata ndani ya tangi na kwenye fukwe. Wengine walikuwa wameshayaona mawimbi hayo maabara kabla yao. Kilichokosekana kilikuwa maelezo ya mdundo ule wa nusu.

Pembea inatufundisha jambo la pili, ambalo lilinigharimu Jumamosi nzima. Pembea iliyotulia kabisa haianzi kwa kuchuchumaa. Unaweza kuchuchumaa na kusimama hadi jioni, kamba inaning'inia tu. Lazima pawe na mtikisiko mdogo wa kuanzia, na lazima unachotia kizidi kinachomezwa na msuguano. Ndani ya tangi mtikisiko wa kuanzia haukosekani: ubao haukukatwa sawasawa, kioo kina nundu ya silikoni, lori limepita barabarani. Lakini wimbi linakua taratibu. Dakika nzima unaona mistari iliyonyooka ikipanda plaiwudi iliyonyooka. Halafu unaona tofauti ya unene wa ukucha kati ya kushoto na kulia. Halafu unene wa kidole. Kisha haikui tena, inabaki pale ikipokezana.

Jumamosi ya kwanza hatukuona chochote, na kosa lilikuwa langu. (Kosa la tangi kuvuja kwenye pembe moja na kulowesha mbao za mteja lilikuwa la silikoni, na hilo tulilimaliza kwa pole na kwa chai.) Nilidhani kwamba wimbi kubwa litaonyesha jambo kubwa. Nikamwambia fundi aweke mkono wa mota kwenye tundu la mwisho, ubao ukasafiri sentimita 6, mawimbi yakaja na kishindo. Yakajikunja juu ya plaiwudi, yakavunjika, yakatoa povu, yakashuka yakiwa yamechoka. Ukingo wa maji ukabaki umenyooka kwa saa mbili.

Sababu yake ni hii. Ili pembea ya ukingo ipae, wimbi linalokuja lazima lirudi. Lipande taratibu, lishuke, likutane na lililo nyuma yake, bila kuvunjika. Likivunjika, nguvu yake inaishia kwenye povu na vurugu, na vurugu hiyo inalivunjavunja wimbi la ukingo pia. Mteremko mkali na wimbi dogo ndio jozi inayofaa. Tulipopunguza mwendo wa ubao hadi sentimita 2, povu likakoma, na baada ya dakika moja na kitu fundi akaenda kutafuta pimamaji.

Ndiyo maana pia sitafuti mawimbi haya Dunga. Watu wengi wa Kisumu, ukiwatajia ukingo wa ziwa, fikira zinakwenda Dunga: mitumbwi, ngege wa kukaanga, jua likizama kwenye Ghuba ya Winam. Lakini sehemu kubwa ya ukingo ule ni mafunjo, na gugumaji linapokuja linaongeza godoro juu yake. Wimbi likiingia kwenye mafunjo halirudi. Ukitaka kuyasaka ziwani, nenda kwenye mchanga ulioinama, kama ule wa kisiwa cha Takawiri, mchana upepo wa ziwani unapovuma, na uende na vipimo zaidi ya kimoja. Kipimo kimoja kitakuambia maji yalipanda. Viwili vilivyopangwa kandokando ya ufuo vitakuambia kama yalipanda kwa pamoja au kwa zamu.

Nje ya maabara, David Huntley na Anthony Bowen walipata mdundo ule wa nusu mwaka 1973, kwenye ufuo wa Slapton kusini-magharibi mwa Uingereza. Mawimbi yaliyokuwa yakija yalikuwa ya sekunde 5. Vipimo vyao vya mwendo wa maji, karibu na ufuo, vilionyesha nguvu kubwa kwenye sekunde 10. Ufuo ule una mteremko mkali. Jozi ileile.

Kuhusu ukubwa wa jambo lenyewe, asidhani mtu kwamba haya ni michezo ya sentimita. Mawimbi ya ukingo hayahitaji kuzaliwa na mawimbi madogo yanayopiga mchanga. Dhoruba inayokimbia juu ya maji, kwa kasi inayolingana na ya wimbi, inaweza kuyazaa makubwa, yenye muda wa dakika badala ya sekunde. Tarehe 26 Juni 1954, Ziwa Michigan huko Marekani liliinuka ghafla mjini Chicago na kuwafagia watu waliokuwa wakivua samaki kando ya bandari ya Montrose. Wasiopungua saba walikufa. Mstari wa dhoruba ulikuwa umeshapita juu ya ziwa mapema asubuhi hiyo, na wavuvi walikuwa wamerudi kwenye gati. Wimbi lililowaua lilikuwa limetokana na dhoruba ile, likaenda ng'ambo ya pili ya ziwa na kurudi. Tukio hilo liliwafanya watafiti wayatazame maziwa kwa jicho jipya, na mwaka 1956 William Donn na Maurice Ewing walichapisha hoja kwamba mawimbi ya ukingo ya Stokes yanapatikana katika Ziwa Michigan. Kile alichokidharau Lamb kilikuwa kimepata kazi. Mimi ninayeishi kando ya ziwa huona ajabu kwamba ukisema neno tsunami mtu wa Kisumu anafikiria Mombasa, ilhali ziwa lina mambo yake.

Turudi tangini, kwa sababu kuna shaka ambayo nimeiacha makusudi. Fundi ndiye aliyeitoa, bila kujua anaitoa. Alisema, "Lakini mwalimu, si ni kwa sababu ya hizi kuta?"

Ni kwa sababu ya kuta. Na hapo ndipo penye uzuri wa maabara, na ndipo penye mtego wake.

Ziwani, mawimbi ya ukingo ya kila urefu yanaweza kuwapo kwa wakati mmoja, yakienda kulia na kushoto, na mawimbi yenyewe yanayoyazaa yana midundo mingi iliyochanganyika. Unasikia kelele za soko la Kibuye siku ya Jumapili. Huwezi kumtofautisha anayeuza mitumba na anayeuza kuku. Kuta za tangi zinawanyamazisha wote ila wachache. Zinasema: ni wimbi lenye nusu-urefu wa sentimita 60 tu, au 30, au 20, litakaloruhusiwa. Mota inasema: ni mdundo huu tu. Ukiviweka viwili hivyo vikapatana, jambo lililofichika linatokea mbele ya macho yako. Bila kuta usingeliona.

Mtego ni kwamba umeuliza swali lenye jibu ndani yake. Tangi limeonyesha kwamba jambo linawezekana. Halijaonyesha kwamba ndilo linalotokea ufuoni. Tofauti hiyo imezua ubishi wa miaka mingi, na ubishi maarufu zaidi unahusu meno ya mchanga.

Huenda umeyaona. Ukingo wa maji, badala ya kunyooka, unachongoka kwa vipimo sawasawa: pembe ya mchanga, kihori, pembe, kihori, kama pindo la vile vitambaa vya kufuma vinavyowekwa juu ya makochi. Nani aliyepima? Bowen na Inman walikuwa wameshaonyesha mwaka 1969, maabara na ufuoni, kwamba mawimbi ya ukingo yanaweza kupanga mikondo inayorudi baharini kwa nafasi sawa. Guza na Inman, mwaka 1975, wakayaeleza meno kwa njia hiyo: wimbi la ukingo linapanda juu zaidi hapa na chini zaidi pale, kwa nafasi maalumu, linachimba penye nguvu na kuacha penye unyonge. Kwa mdundo wa nusu, nafasi kati ya jino na jino ni nusu ya urefu wa wimbi la ukingo. Mawimbi ya sekunde 3 juu ya mteremko wenye mwinamo wa 0.1 yangetoa meno yaliyoachana kwa mita 2.8.

Mwaka 1993 Brad Werner na Thomas Fink wakaja na maelezo mengine. Waliandika programu ya kompyuta isiyo na wimbi lolote la ukingo. Maji yanapanda, yanashuka, yanabeba mchanga. Palipo na kishimo kidogo maji yanakimbilia, yanachimba zaidi. Palipo na kilima kidogo yanapungua mwendo, yanatua mchanga. Kishimo kinajikuza, kilima kinajikuza, na meno yanajitokeza yenyewe kwa nafasi sawa. Hakuna aliyepima, mchanga umejipanga.

Ungetaraji kwamba rula ingemaliza ubishi. Haimalizi, kwa kuwa nadharia zote mbili zinatoa nafasi zinazokaribiana. Moja inategemea muda wa wimbi na mteremko. Nyingine inategemea umbali ambao maji yanapanda mchangani. Na umbali huo wenyewe unatokana na muda na mteremko.

Plaiwudi, hata hivyo, haichimbiki. Kwenye ufuo wa mbao wenye vanishi mchanga hauwezi kujipanga kwa sababu haupo, na bado maji yalipanda kwa zamu. Kwa hiyo wimbi la ukingo halihitaji meno ili lizaliwe. Ukiniuliza mimi, mara nyingi naona ufuo unaanza kwa njia moja na kuendelea kwa nyingine: wimbi linachora mstari wa kwanza hafifu, na mchanga unaukuza hata wimbi likishaondoka. Tena meno yakishakua, yanavuruga lile wimbi la nusu-mdundo kwa kuvunja unyoofu wa ufuo. Lakini hilo ni oni langu, na tangi langu la plaiwudi haliwezi kulitolea hukumu.

Ningeweza kumwaga mchanga humo, fundi alipendekeza. Shida ni vipimo. Ukitaka tangi liwakilishe ufuo ulio mkubwa mara 25, muda unapungua mara 5 tu: mawimbi ya sekunde 5 yanakuwa ya sekunde 1, na sentimita 60 zinasimama badala ya mita 15. Maji yanakubali upunguzaji huo bila ugomvi. Mchanga haukubali. Chembe ya nusu milimita ikigawanywa kwa 25 inakuwa ya milimita 0.02, na hiyo si mchanga tena, ni tope laini linaloshikana na kuelea. Ukitumia mchanga wa kawaida, chembe zako ni kama kokoto kwa mawimbi yako. Msuguano nao haupungui: karibu na plaiwudi, maji yanaburutwa ndani ya tabaka la karibu milimita 0.8. Ziwani tabaka hilo ni kitu kidogo sana. Katika tangi, pale ukingoni ambapo maji yenyewe yana unene wa milimita chache, linakula sehemu kubwa ya nguvu. Kuna na mafuta: alama ya vidole, au tone la grisi ya mota, inatandaza ngozi nyembamba juu ya maji na kuyapunguzia uchangamfu. Tulijifunza kuchota ngozi hiyo kwa gazeti kabla ya kila jaribio.

Na kuna mdanganyifu mmoja wa kumchunga. Ubao wa kusukuma, ukipigishwa haraka, unaweza kuzaa wimbi lake la pembeni, nalo pia kwa nusu ya mdundo. Ukiliona bila kujua utashangilia. Njia ya kumtambua ni kuangalia anakaa wapi. Yule anakaa karibu na ubao na kufifia kuelekea ufuoni; wa ukingo anakaa ufuoni na kufifia kuelekea kwenye ubao.

Swali la fundi kuhusu kuta lilikuwa na jaribio ndani yake. Jumamosi ya tatu alikata kipande cha kioo, akakisimamisha ndani ya tangi sambamba na ukuta wa kulia, akakibana kwa klempu mbili. Upana ukawa sentimita 50. Tukawasha mota kwa sekunde 1, mwendo uleule wa ubao. Tulisubiri dakika tano. Mawimbi yaliyonyooka yalipanda plaiwudi yakiwa yamenyooka. Hesabu ilikuwa inadai sekunde 0.9, basi nikageuza kitufe hadi mota ikaanza kulalamika. Wishwa ndiyo yaliyotangulia kujua: yakaanza kuyumba pembeni, kidogo. Kisha kushoto. Kisha kulia.

Fundi akaandika kwa chaki juu ya kioo: 60, sekunde 1, chini yake 50, sekunde 0.9. Akaonyesha kwa kidole mahali ambapo 40 ingekuwa, akaniuliza mota gani itafika huko. Nikapiga hesabu. Ni sekunde 0.81, mizunguko 74 kwa dakika. Wipa ya matatu haifiki.